Ukavu siyo kiu: kuishi na ugonjwa wa Sjögren

Shangazi yangu alimzika dada yake bila kudondosha chozi hata moja. Siku tatu zote za msiba kakaa pale kwenye mkeka na wenzie, kainama, mabega yanatikisika, kwikwi inatoka, sauti imekauka kwa kulia, ila mashavu yako vilevile kama alivyonawa asubuhi, na nyie mnajua msibani huwa kuna watu kazi yao ni kuangalia nani analia na nani anaigiza. Siku ya pili maneno yakawa yameshafika jikoni, kwamba hao walikuwa na ugomvi wa kiwanja, sijui mmoja alimfanyizia mwenzie, sijui nini. Mwenyewe anashangaa tu mbona machozi hayaji, akasema labda uchungu ukizidi sana mtu anakauka.

Kumbe alikuwa amekauka kweli. Ilichukua karibu miaka minne toka pale ndo likapatikana jina la kinachomsumbua, ugonjwa wa Sjögren, unatamkwa kama "shogreni". Mie ndo nilikuwa nampeleka hospitali kwaiyo mengi ya haya nimeyajua nikiwa kwenye mabenchi ya kusubiria, namsumbua kila daktari na kila nesi kwa maswali. Siyo daktari mie, niwaambie mapema, ila nimeona jinsi watu wanavyoteseka na vitu ambavyo vingepungua kama wangeelekezwa vizuri.

Tuanze na kinachochanganya watu karibu wote. Ukavu huu siyo kiu. Kiu ni mwili kupungukiwa maji, unakunywa, inakata, basi. Hapa kilichoharibika ni kiwanda. Machozi yanatengenezwa na tezi zilizoko juu ya jicho kwa upande wa nje, mate yanatengenezwa na jozi tatu za tezi kubwa, mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, alafu kuna mamia ya vitezi vidogo ndani ya midomo na mashavu. Kinga ya mwili, wale askari wanaotakiwa kupambana na vijidudu, kwa mgonjwa wa Sjögren wanageuka, chembe nyeupe za damu zinaingia kwenye tezi za mwenye mwili na kuanza kuzishambulia taratibu, mwaka baada ya mwaka. Sasa hapo hata unywe ndoo nzima, malighafi ipo ila mashine imegoma.

Alafu mate siyo maji jamani. Mtu mzima anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu ya mate kwa siku, na ndani humo kuna ute wa kulainisha, kuna madini ya kukarabati meno, kuna protini za kuua vijidudu, kuna vitu vya kupooza asidi. Machozi nayo yana ute kwa chini, maji katikati, na juu kabisa utando wa mafuta unaozuia yasikauke haraka. Shangazi alikuwa anatembea na chupa ya lita moja na nusu kila anapoenda, funda moja kila dakika mbili, matokeo yake anaamka mara tano usiku kwenda chooni na mdomo bado mkavu, maana ule ute kidogo aliobaki nao alikuwa anausuuza mwenyewe kila akinywa. Siku daktari wa meno alipomwambia "mama, unayaosha mate yako" alicheka kwanza, baadae akanyamaza. Toka hapo nikaelewa kwamba ugonjwa huu hauendeshwi kwa kuongeza maji, unaendeshwa kwa kulinda kidogo kilichobaki na kuwakamata wanaokiiba, na wezi wenyewe ni wengi kuliko nilivyodhani.

Jina linatoka kwa Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, ambae mwaka 1933 aliandika tasnifu yake pale Stockholm kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu, 13 kati yao wana ugonjwa wa viungo, akasema hili siyo tatizo la jicho, ni ugonjwa wa mwili mzima. Tasnifu haikupokelewa vizuri, hakupata hata cheo cha uhadhiri alichokuwa anakitafuta. Mpaka mwaka 1943 daktari mmoja wa Australia, Bruce Hamilton, alipoitafsiri kwa Kiingereza ndo watu wa nje wakaanza kuisoma. Nimelitaja hili kwa sababu yaliyompata shangazi ni yaleyale aliyokuwa anayapigania huyo mzee: wa macho aliangalia macho akaandika matone ya aleji, wa meno aliziba meno manne, wa magoti akampa dawa za maumivu, mwingine akasema ni umri tu mama, hedhi ikikata mambo hubadilika, na hakuna hata mmoja aliemuuliza kuhusu kitu cha mwenzie. Kwaiyo ukienda, usisubiri uulizwe. Waambie yote kwa pamoja, macho, mdomo, meno, viungo, uchovu, hata vile unavyodhani havihusiani.

Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wanagundulika kuanzia miaka ya arobaini kwenda mbele ingawa mabinti nao wanapata, na unaweza kuja peke yake au ukaja umeshikana mkono na baridi yabisi au lupasi, magonjwa mengine ya kinga kushambulia mwili wa mwenyewe. Yule mcheza tenisi Venus Williams alijitoa kwenye mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2011 akatangaza kwamba ndo anao. Huwa namtaja huyo kila mtu akisema shangazi ni mvivu.

Kuhusu vipimo. Kuna jambo huwa halisemwi kwa sauti: mtu kapata fangasi mdomoni, mashavu yamevimba, kachoka, kapungua, kwa mitaa yetu hukumu inatoka kabla ya kipimo. Ukweli ni kwamba VVU vinaweza kweli kuvimbisha tezi za mate na kuleta ukavu, homa ya ini aina ya C pia, na kisukari kinakausha mdomo, kwaiyo daktari akianza kupima hivyo usikasirike, anaondoa vinavyofanana. Baada ya hapo kuna kile kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kope la chini dakika 5, ikilowa milimita 5 au chini ya hapo ni dalili ya ukavu. Kuna kipimo cha damu cha kutafuta antibodi (protini ya kinga) inayoitwa anti-Ro, ila siyo wagonjwa wote wanayo, so majibu kuwa hasi hayafungi kesi. Ndo hapo wanachukua vitezi vichache kutoka ndani ya mdomo wa chini, ni kidonda kidogo tu ukishapigwa ganzi, wanaenda kuangalia kwenye hadubini kama chembe nyeupe zimejikusanya. Shangazi aliogopa hicho kuliko vyote na ndo kilichomaliza ubishi.

Na ukiwa na anti-Ro na unategemea kupata mimba, mwambie daktari mapema kabisa, maana antibodi hiyo inavuka kwenda kwa mtoto na kwa mimba kama 1 au 2 kati ya 100 inaweza kuharibu umeme wa moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Wanafuatilia kwa kipimo cha moyo wa mtoto kuanzia kama wiki ya 16 au 18. Wengi wanajifungua salama.

Sasa macho. Mgonjwa anakwambia ni kama kuna mchanga, asubuhi kope zimegandana, jioni yanachoma, mwanga unaumiza. Dawa ya kwanza ni machozi ya bandia, matone ya kulainisha, kwenye boksi utaona majina kama hipromelosi, kaboksimethilselulosi au hayaluroneti. Hayatibu ugonjwa ila yanalinda kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kisichubuke. Kitu cha kuangalia ni kihifadhi. Chupa nyingi zina dawa ya kuzuia bakteria inayoitwa benzalkoniamu na kwa mtu anaedondoshea mara moja mbili haina shida, lakini ukishapita mara nne kwa siku hiyo dawa yenyewe inaanza kuunguza jicho, hapo tafuta yasiyo na kihifadhi, zile tyubu ndogondogo za kutumia mara moja au chupa maalumu. Ni ghali zaidi, sitadanganya. Shangazi anatumia ya bei ya juu mchana na usiku anapaka mafuta mazito ya macho yenye bei nafuu, yanafanya uone ukungu kwaiyo ni ya kulalia tu.

Na matone muyaweke kwa adabu. Jicho haliwezi kubeba zaidi ya tone moja, la pili linamwagika shavuni na hela yako. Vuta kope la chini, dondosha moja, fumba taratibu kama dakika moja bila kupepesa, kama una dawa nyingine subiri dakika 5, mafuta yawe ya mwisho. Kabla hajafundishwa hivyo shangazi alikuwa anamimina matatu manne, na kwenye msiba mwingine wa jirani alijimiminia yakamtiririka mpaka kidevuni, mama mmoja pembeni yake akamkumbatia akamwambia "lia tu dada yangu, toa". Akalelewa pale kama mfiwa mkuu. Alinisimulia kwenye simu huku anacheka mpaka anakohoa.

Ninachokiogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni matone ya kununua kwa kusema "nipe ya macho mekundu". Mengi ni antibaiotiki imechanganywa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Siku mbili unaona muujiza, jicho jeupe, ukiendelea nayo miezi bila mtu kukupima yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha ya jicho ikishakula mshipa wa kuona hairudishi. Steroidi daktari anaweza kukupa, kwa muda mfupi na kwa kukuangalia. Na maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyopondwa, naomba vibaki mbali na jicho ambalo tayari halina machozi ya kusafisha uchafu.

Wezi wa machozi ni upepo, moshi, vumbi na simu. Shangazi anakaa Dodoma, miezi ya kiangazi upepo na vumbi vinakutana na hewa kavu, akishuka Dar anasema macho yamepumzika, kabla hajapanda basi lenye kiyoyozi kinachompulizia usoni njia nzima. Sasa hivi anafunga kile kitundu cha kiyoyozi, kwenye daladala hakai dirishani, feni ya chumbani imegeuzwa ukutani, na anavaa miwani kubwa inayoziba pembeni hata kama hakuna jua. Majirani walisema anajifanya staa, akawaambia eeh, subirini filamu. Jiko la kuni ameliacha ila gesi ikiisha anarudi kwenye mkaa na siku hiyo utajua kwa kumtazama tu. Simu nayo, mtu wa kawaida anapepesa macho kama mara 15 kwa dakika, ukikodolea kioo unasahau kupepesa kabisa, kwaiyo kila dakika 20 inua uso uangalie mbali na upepese makusudi.

Kuna na kile kitambaa cha moto. Kitambaa safi, maji ya uvuguvugu siyo ya kuunguza, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 mpaka 10, alafu sugua kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, hiyo inayeyusha yale mafuta yanayotakiwa kufunika machozi. Haina gharama na watu wanaidharau sababu haina gharama. Yote hayo yakishindwa daktari wa macho anaweza kuweka vizibo vidogo kwenye vitundu vya kona ya jicho karibu na pua, ndo huko machozi yanapoishia (ndo maana ukilia kamasi zinakuja), yaani anaziba mfereji ili kidogo kilichopo kikae. Kuna pia matone ya saiklosporini ya kutuliza kinga kwenye jicho lenyewe, yanachukua wiki hata miezi kufanya kazi na yanawasha mwanzoni, wengi wanayaacha kabla hayajawasaidia.

Mdomo ndo wenye hasara kubwa, maana jicho linakupigia kelele ila jino linaoza kimyakimya. Jino linaanza kuyeyuka asidi ya mdomoni ikizidi, yaani pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imekuwa kali) ikiwa chini ya 5.5 hivi. Kila ukila kitu chenye sukari vijidudu vinatengeneza asidi, mwenye mate anaipooza ndani ya kama nusu saa, asie na mate inamkalia. Ndo maana kinachoumiza zaidi ni mara ngapi unaonja sukari kuliko sukari yenyewe ni kiasi gani. Vijiko viwili kwenye kikombe kimoja cha chai ukakimaliza kwa mkupuo ni afadhali kuliko kijiko kimoja ukakinyonyanyonya kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Na ubaya wake mtu mwenye mdomo mkavu anatafuta vya kunyonya: pipi za ndimu, ubuyu, ukwaju, soda ya baridi, vyote vinaita mate kweli ila vinaita na asidi. Shangazi alikuwa mtu wa ubuyu. Yale meno manne yaliozea shingoni, pale linapokutana na fizi, na kwenye ncha, sehemu ambazo meno ya watu hayaozi hovyo, na hiyo pekee ingetosha kumshtua daktari.

Mbadala ni bigijii isiyo na sukari, ikiwa na zailitoli (kitamu kisicho sukari ya kawaida) ni bora zaidi sababu vijidudu haviwezi kuigeuza asidi. Kutafuna kwenyewe kunakamua tezi zilizobaki hai. Mswaki mara mbili, wenye nywele laini, dawa yenye floraidi ya ppm 1450 hivi, namba imeandikwa nyuma ya tyubu isome, na ukimaliza tema usisukutue kwa maji, iache ikae kwenye meno. Hilo la kutosukutua liliniletea ugomvi nyumbani, linaonekana uchafu. Kuna dawa kali zaidi ya 5000 ambayo daktari wa meno anaweza kuandika. Najua ndugu zangu wa Arusha na kandokando ya Mlima Meru mkisikia floraidi mnakumbuka meno ya kahawia kutokana na maji ya kule, ila ile rangi inaingia utotoni meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, mtu mzima hawezi kuipata kwa kupiga mswaki. Na daktari wa meno uende hata kama hakuna kinachouma, kila baada ya miezi mitatu minne ukiweza, sita ukishindwa.

Ulimi ukiwa mwekundu, umepasuka, pilipili kidogo tu inakuwa moto na pembe za mdomo zimechanika, hiyo mara nyingi ni fangasi hata kama huoni utando mweupe. Inatibika. Angalizo dogo ambalo nililipata kwa mfamasia mmoja mkarimu: dawa nyingi za maji za nistatini, ile ya fangasi, zimetiwa sukari, kwaiyo usizitumie ukalala bila kushughulikia meno. Wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyasafisha.

Kwenye chakula hapa niseme tu kwamba watu wa Dodoma na Singida wana bahati. Mlenda! Chakula kinachoteleza chenyewe bila kukiomba. Bamia, mtori, uji usio mchachu, ndizi za nazi, wali wenye mchuzi wa kutosha. Vinavyomshinda ni ugali na dagaa wa kukaanga, mihogo ya kuchoma, mkate mkavu, chapati isiyo na kitu, karanga zinazobaki zimeshika kwenye fizi. Maji ayanywe wakati wa kula, hapo ndo yanasaidia kumeza, na katikati ya siku afunde kidogo akizungushe mdomoni badala ya kubugia.

Sasa mwizi mkubwa ambae watu wanalala nae ni dawa. Piriton, jamani. Mafua Piriton, kuwashwa Piriton, usingizi hauji Piriton, na inakausha mate na machozi hata kwa mtu mzima wa afya. Amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa na usingizi, inakausha. Dawa za kukata maumivu ya tumbo za haiyosini, zinakausha. Vidonge vya presha vya kukojoza maji navyo vina mchango. Na fikiria mzunguko wenyewe: mgonjwa wa Sjögren ana maumivu na halali, anapewa amitriptilini, anazidi kukauka, anakohoa kikohozi kikavu usiku, anapewa Piriton. Shangazi alikuwa anatumia tatu za kukausha kwa wakati mmoja na kila moja kaandikiwa na mtu tofauti. Usiziache ghafla mwenyewe, hasa za presha na za mishipa, ila zote ziweke kwenye mfuko mmoja umwage mezani kwa daktari uulize ipi ina mbadala.

Pua ni maji ya chumvi ya kunyunyizia. Ngozi, oga maji ya uvuguvugu upesi, sabuni kidogo, upake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu.

Huku kwingine kunaonewa aibu ila nitasema. Ukavu wa ukeni unatokea kwa wengi na tendo la ndoa linakuwa maumivu, mume anajisemea huyu hanitaki tena au ana mtu mwingine, mke nae anakwepa kulala mapema, nyumba inapoa. Ni yaleyale ya msibani, mwili unatoa ushahidi wa uongo juu ya mwenye mwili. Vilainishi vya maji vinauzwa famasi, sabuni na manukato huko viachwe kabisa, na kwa waliokwisha hedhi daktari anaweza kutoa krimu ya homoni ya kupaka hapohapo. Mume aambiwe na daktari akiwepo kama inawezekana, mie niliona kwa watu wawili watatu pale kliniki mwanaume akisikia neno "tezi" kutoka kwa mtu wa koti jeupe anaelewa haraka kuliko akiambiwa na mkewe mwaka mzima.

Uchovu ndo unaowashinda wengi. Siyo wa kulala ukaamka umepona. Kwanza utafutwe kama kuna kingine nyuma yake, damu kupungua na tezi ya shingo kulegea vinafuatana sana na ugonjwa huu na vina tiba. Kinachobaki kinaendeshwa kwa kugawa siku: shangazi anafua asubuhi na hapiki maharage siku hiyo, na jioni anatembea nusu saa, maana mazoezi ya taratibu yanapunguza uchovu ingawa mtu aliechoka ukimwambia hivyo anatamani kukupiga.

Vidonge viwili mtavisikia. Haidroksiklorokwini inatolewa sana na kwa viungo na vipele wapo inaowafaa, ila utafiti wa Ufaransa uliotoka 2014 na wagonjwa 120 haukuona tofauti na kidonge bandia kwenye ukavu, maumivu wala uchovu baada ya miezi sita, kwaiyo usitegemee mate yatarudi kwa hiyo, na ukiitumia macho yapimwe mwanzoni, alafu kila mwaka ukishapita miaka mitano. Pilokapini, iliyotokana na majani ya mti wa Brazili, ndo inayokamua tezi zilizobaki kweli, miligramu 5 mara tatu au nne kwa siku, bei yake na jasho lake ni mtihani mwingine, na mwenye pumu isiyotulia haruhusiwi. Vidonge vyake siyo kila famasi utavikuta. Ipo ya matone ya presha ya jicho, ile msije mkainywa.

Vya kukimbia navyo hospitali: jicho jekundu linalouma sana na kuona kumepungua, hiyo ni siku hiyohiyo, kioo cha jicho kinaweza kuwa kimechubuka. Madoa ya zambarau miguuni, ganzi au udhaifu wa miguu, pumzi kukata. Na uvimbe wa tezi, ile ya mbele ya sikio inayovimba kwenye matubwitubwi, ukikaa wiki kadhaa bila kurudi, au ukawa mgumu, au ukaja na homa, jasho la usiku na kukonda, uchunguzwe, maana kama wagonjwa 5 kati ya 100 hupata limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, baada ya miaka mingi.

Ya shangazi ilivimba mwaka juzi upande wa kushoto. Tulikaa wiki mbili hatulali. Ikaja kuonekana ni maambukizi, mate yakiwa machache njia inaziba na bakteria wanapanda, akapewa antibaiotiki na kuambiwa aikande kwa kitambaa cha moto, ikanywea. Toka siku hiyo kila asubuhi akishapaka mafuta anasimama kwenye kioo anapapasa chini ya sikio la kulia, anapapasa la kushoto, analinganisha, alafu ndo anavaa ile miwani yake anatoka.